Siku ya Kuvuliwa Waya za Meno Sio Mwisho wa Matibabu

Nilikuwa napiga mswaki asubuhi, miaka mitatu hivi baada ya kuvuliwa waya, ulimi ukapita nyuma ya meno ya chini ukakuta kona. Kona ndogo tu, jino moja la mbele limejigeuza kidogo limeanza kumpanda mwenzake, hata ukicheka mtu hawezi kuona, ila ulimi unaujua mdomo wako kuliko kioo. Nikaenda kutafuta ritena, kile kiplastiki cha kuvaa baada ya waya ili meno yasirudi yalikotoka, nikaikuta kwenye kikasha chake chini kabisa ya droo, nikajaribu kuivaa, upande wa kulia ikaingia, wa kushoto ikanyanyuka. Nikaikandamiza na kidole, ikalia kak, ikapasuka ufa mmoja mrefu mpaka katikati.

Nilikuwa nimevaa zile waya karibu miaka miwili na nusu nikiwa bado shule, vidonda vya shavu, nta kila usiku, kutafuna upande mmoja, wazazi wanalipa kidogo kidogo, alafu yote yale yakaanza kurudi nyuma kimyakimya kwasababu hamna mtu aliyenikalisha chini akanieleza kwamba kile kiplastiki cha mwisho ndo nusu ya pili ya matibabu. Nilipewa tu siku ya kuvuliwa, watu wote wanapiga picha wanafurahi, nikaambiwa vaa usiku. Kwa muda gani? Sikuuliza, na wala sikuambiwa.

Ndo maana nikisikia watu wanajadili waya za meno nasikitika kidogo, maana mjadala wote unaishia kwenye bei gani, zinauma kiasi gani, za chuma au zile za plastiki zisizoonekana, na unakaa nazo muda gani. Ni maswali ya maana ndio, pesa ni pesa. Lakini yote yanachukulia kwamba waya ni kitu unanunua, unavaa, unavua, biashara imeisha. Mi naona hapo ndo tunapoanza kukosea, kwasababu kinachotibiwa pale ni mfupa, meno yanaufuata tu, na mfupa una mwendo wake ambao hauharakishwi na haraka zetu.

Jino halijapigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi, unene wake kama 0.2 mm tu, na jino limening'inia humo. Ukilisukuma taratibu bila kuacha, upande mmoja ule utando unabanwa na upande wa pili unavutwa, basi pale panapobanwa zinakuja seli kazi yake kula mfupa, na pale panapovutwa zinakuja seli za kujenga mfupa mpya, yaani jino linatembea ndani ya mfupa huku njia inafunguka mbele yake na kuzibwa nyuma yake. Mambo yakienda vizuri ni kama 1 mm kwa mwezi. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtu ameng'olewa gego dogo kila upande ili kupata nafasi, pengo moja lina milimita kama 7, hapo tu miezi saba imeondoka, bado kunyoosha mizizi isimame sawa, bado kuhakikisha ya juu na ya chini yanakutana vizuri. Mwaka mmoja na nusu mpaka miwili au zaidi, hiyo ni kasi ya mfupa, daktari hajaamua kukuchelewesha.

Na ukisukuma kwa nguvu ili uwahi? Ule utando unabanwa mpaka damu inashindwa kupita, sehemu ile inakufa, jino linagoma kabisa kwa wiki kadhaa mwili ukisafisha kwanza uharibifu, na juu ya hapo mizizi inaweza kuliwa ikabaki mifupi. Kwaiyo mtu akikuahidi kwamba yeye ana waya kali, miezi mitatu unamaliza kila kitu, muulize mizizi yako itakuwaje, na ukiona anakwepa jibu ondoka.

Fani yenyewe imelijua tatizo la meno kurudi muda mrefu sana. Kunyoosha meno sio jambo la juzi, Pierre Fauchard kule Ufaransa alishaeleza mwaka 1728 jinsi ya kufunga meno kwa nyuzi kwenye kibamba cha chuma kilichopindwa kufuata umbo la taya. Ila aliyeifanya iwe fani inayojitegemea ni Mmarekani Edward Angle, na kinachonivutia kwake ni pa kuanzia, hakuanza na tabasamu, mwaka 1899 aliyapanga matatizo ya meno kwa kuangalia magego ya kwanza makubwa ya juu na chini yanakutanaje, na mgawanyo wake unatumika mpaka leo. Sisi tunaangalia meno sita ya mbele kwenye picha, yeye aliangalia kule nyuma kunakotafuna. Angle hakutaka kabisa jino ling'olewe, aliamini yote yanaweza kupangwa yakaenea. Mwanafunzi wake Charles Tweed akafuata hivyo hivyo, baadae akaona kazi zake nyingi zimerudi, akaanza kuwatibu upya wagonjwa wake safari hii kwa kung'oa magego madogo. Unaona, hata ugomvi mkubwa kabisa wa fani hii, ng'oa au using'oe, ndani yake kulikuwa na swali lile lile la meno yatakaa au hayatakaa.

Na jibu halikuwa tamu. Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwafuatilia wagonjwa 65 waliong'olewa magego madogo wakanyooshwa vizuri, wakawaangalia tena miaka 10 au zaidi baada ya kuacha ritena. Karibu theluthi mbili meno yao ya mbele ya chini yalikuwa yamejibana tena kiasi cha kutoridhisha. Walipofika miaka 20, waliobaki na mpangilio unaokubalika walikuwa kama 10% tu. Kilichonishtua zaidi ni kwamba hawakupata dalili ya uhakika ya kusema mapema huyu yatarudi na yule yatakaa. Hatujui nani ni nani, kwaiyo inabidi kila mtu achukuliwe kama yatarudi.

Watu wengi wanasingizia magego ya mwisho, eti ndo yanasukuma ya mbele, mtu anaenda kung'olewa manne kwa ajili hiyo peke yake. Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Hata ambao hawajawahi kuvaa waya maishani, meno ya mbele ya chini yanazidi kubanana kadri umri unavyosogea, na hata ambao magego ya mwisho hayakuota kabisa pia yanawabana. Taya linabadilika maisha yote. Jino lililogeuzwa nalo lina ukaidi wake, nyuzi za ufizi zilizolishika zinakuwa zimevutwa kama raba, na zinaweza kuchukua hata mwaka kutulia, ukiliachia mapema zinalirudisha zenyewe.

Sasa nigeukie watoto, maana huku ndo kuna hasara kubwa zaidi na nyingi zingeepukika. Mzazi anaona meno ya mtoto yamekaa hovyo ana miaka 8, anauliza, anaambiwa subiri yote yaote kwanza. Mara nyingi ni kweli, waya kamili watoto wengi wanawekewa kuanzia miaka 11 hadi 13 hivi, meno ya utoto yakishatoka. Lakini kusubiri kuweka waya na kusubiri kumpeleka akaangaliwe ni vitu viwili tofauti. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani, American Association of Orthodontists, kinashauri mtoto aangaliwe asizidi miaka 7, na sababu yake ni rahisi, kwenye miaka 6 magego ya kwanza ya ukubwani yanakuwa yameota na ya mbele yameanza kubadilika, mtu mwenye jicho anaona taya zinaelekea wapi. Wengi wataambiwa rudini mwakani. Wachache wataambiwa hili halisubiri.

Na yasiyosubiri ni yapi? Kuna mtoto ambaye meno ya juu ya upande mmoja yanaingia ndani ya ya chini, mwangalie akifunga mdomo taratibu, utaona taya la chini linafika katikati alafu linateleza pembeni kutafuta pa kuuma, kidevu kinahama. Mtoto wa dada yangu alikuwa hivyo, tulidhani ni mazoea yake tu ya kuchezea mdomo. Akiachwa atakua na taya limekaa upande. Akiwahiwa, anapanuliwa kaakaa kwa kifaa chenye skrubu ndogo katikati ambayo mzazi anaizungusha nyumbani kwa kiufunguo kidogo, na inawezekana kwasababu kaakaa la mtoto ni vipande viwili vya mfupa ambavyo bado havijaungana imara. Ukifika ujana mwishoni ule mshono umekaza, kupanua kwa kifaa hicho tu kunakuwa kugumu mno au hakuwezekani bila upasuaji. Pia mtoto ambaye taya la chini limetangulia mbele, kile kifaa cha usoni cha kuvuta taya la juu kinafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Na yule ambaye meno ya juu yametokeza sana, akianguka ndo yanagonga chini kwanza, kuyarudisha mapema kunapunguza kuvunjika, ingawa kwa mambo mengine akisubiri mpaka balehe matokeo yanakuja kuwa karibu sawa.

Chonge za juu naomba wazazi wazikariri. Ndo meno yanayosafiri mbali kuliko karibu yote kabla ya kuota, na kama 2% ya watu zinapotea njia zikalala ndani ya mfupa, mara nyingi upande wa kaakaa. Mtoto wa miaka 10 daktari akipapasa juu ya ufizi anatakiwa kuhisi uvimbe wa chonge inayokuja, asipouhisi apige picha ya eksirei. Ericson na Kurol wa Uswidi walionyesha mwaka 1988 kitu kizuri sana, walichukua chonge 46 zilizoelekea vibaya wakang'oa tu chonge za utoto zilizokuwa juu ya njia yake, basi, hakuna waya, na 36 kati ya hizo zikajirudi zenyewe kwenye mstari. Kung'oa kijino cha utoto ni dakika kadhaa. Ukichelewa, ni upasuaji mdogo wa kuifungua, kugandisha mnyororo, na kuivuta miezi na miezi.

Alafu kuna hii kauli ya "ni meno ya utoto, yatatoka tu", hii inanikera kweli. Gego la utoto likioza likang'olewa mtoto ana miaka 5 au 6, lile gego la ukubwani linaloota nyuma yake linasogea mbele kujaza pengo, sasa jino lililokuwa lije pale miaka 10 au 11 linafika linakuta mlango umefungwa, linaota nje ya mstari au linakwama. Kuliziba lile gego, au kama limeshang'olewa kuweka kiwaya kidogo cha kushikilia nafasi, kungemwokolea miaka miwili ya waya, lakini hicho kiwaya hamna anayekitangaza kwasababu hakipendezi kwenye picha.

Swali la kama haya yote ni urembo au afya huwa linaulizwa kama vile lazima uchague. Uingereza wana kipimo cha ngazi 5 cha kuona mtu anahitaji matibabu ya meno kupangwa kiasi gani, ya 5 ndo uhitaji mkubwa kabisa, na chini ya huduma yao ya umma ya NHS mwenye umri chini ya miaka 18 anatibiwa bure akiwa ngazi ya 4 au 5, na wa ngazi ya 3 baadhi tu, ambao mwonekano wao ni mbaya zaidi. Naipenda hiyo kwasababu inakubali kwamba kuna meno yasiyohitaji kitu. Mwanya sio ugonjwa. Jino moja lililoinama kidogo sio ugonjwa, mtu akilipenda aachwe nalo. Ila pia mtoto anayeziba mdomo kwa kiganja kila akicheka, siwezi kusema huyo anataka urembo tu.

Na mtoto asiyepiga mswaki vizuri mi nasema asiwekewe waya kwanza. Inaonekana ukali lakini nimeona meno ya kijana siku ya kuvuliwa, pale kilipokuwa kimegandishwa kichuma kuna mraba msafi unang'aa, na kuuzunguka pande zote kuna weupe wa chaki, hauna mng'ao, hautoki kwa mswaki. Ule ni mwanzo wa kuoza. Utando wa uchafu ukikaa kuzunguka kile kichuma, wiki nne tu zinatosha kuanza kuacha alama. Meno yamenyooka kama mstari na yameharibika kwa pamoja, miaka miwili ya gharama. Mswaki baada ya kula, dawa yenye floraidi, ule mswaki mwembamba wa kupita chini ya waya, soda na pipi za kunata zikae mbali, hayo yazoeleke kabla ya waya.

Watu wazima nao wana habari yao. Hakuna umri wa mwisho, mfupa wa mtu wa miaka 50 uko hai na seli zake zinafanya kazi ile ile, ingawa mwanzo unaweza kwenda polepole zaidi. Kinachotangulia umri ni fizi. Mtu mwenye ugonjwa wa fizi, zinatoka damu, mfupa umeshaanza kuliwa, ukimwekea waya kabla ya kuutibu unamharakishia kupoteza meno, inabidi atibiwe kwanza atulie alafu ndo meno yaanze kusogezwa kwa nguvu ndogo. Taya zenyewe hazikui tena, kwaiyo kama tatizo ni taya na sio meno, inabidi kuchagua kati ya upasuaji na kupanga meno yafiche tofauti. Jino la kupandikiza halisogei hata kidogo maana halina ule utando, kwaiyo waya kwanza kupandikiza baadae, usije ukageuza mpangilio huo. Na meno yaliyokuwa yamepandana yakishanyooka, kati yake chini kwenye ufizi panaweza kubaki vipembetatu vyeusi, yaani vijinafasi vitupu, ni vizuri kuambiwa mapema kuliko kushtukia kwenye kioo.

Alaina, zile za plastiki zisizoonekana, zimewarudisha watu wazima wengi kwenye kiti cha daktari, tangu kampuni ya Align Technology ilipoanzishwa 1997 na kuleta Invisalign, na kwa kesi nyingi zinafaa sana. Zinataka saa 20 mpaka 22 kwa siku. Anayezivua kula, akanywa chai nusu saa, akapiga soga, akazisahau mfukoni, hizo saa hazifiki na meno yanajua. Hatari iko kwenye kumtoa daktari kwenye safari nzima. SmileDirectClub ya Marekani ilikuwa inawatumia watu alaina nyumbani bila kukaa mbele ya daktari, ikafungwa Desemba 2023 na wateja wakaachwa katikati ya matibabu. Bila picha ya eksirei unasogeza meno gizani, hujui mizizi iko wapi wala mfupa umebaki kiasi gani.

Mbaya kuliko hiyo ni raba. Kuna watu wanafundishana kuziba mwanya kwa kufunga mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele. Kweli mwanya unaziba, wiki chache tu. Alafu asubuhi moja ile raba haionekani, mtu anadhani imetoka usiku ameimeza. Haijatoka. Mzizi wa jino umechongoka kwenda juu, raba inateleza inapanda chini ya ufizi kufuata mchongoko, inakata ule utando na kula mfupa pande zote, jino linaanza kutikisika, linashuka refu kuliko mwenzake, na watoto wamepoteza meno mawili ya mbele ya ukubwani kabisa kwa kitu cha bei ya bure. Kama umeshafunga leo kaikate leo hii, na kama ulifunga na huioni nenda kwa daktari wa meno ukamwambie ukweli wote bila aibu.

Narudi kwenye ritena maana ndo nilipoanzia. Naona ritena ilitakiwa izungumzwe siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kugandisha kichuma cha kwanza, iwemo kwenye bei, na ile ya pili baada ya kupotea ya kwanza nayo iwe na bei inayojulikana, maana itapotea. Inafungwa kwenye tishu mezani inatupwa na mabaki ya chakula, inaoshwa kwa maji ya moto inapinda, mbwa anaitafuna. Ile ya waya inayogandishwa nyuma ya meno haisahauliki ila gundi inaweza kuachia kwenye jino moja bila wewe kujua, na jino hilo hilo linaanza kuondoka wakati wewe una amani kwamba unayo ritena. Mwambie daktari aikague kila ukienda kusafisha.

Mimi nilivaa waya tena, ukubwani, miezi minane kwa ajili ya ile kona moja. Safari hii daktari alinichorea kwenye karatasi jino, utando na mfupa, akaniambia ritena ni kila usiku, na nikamuuliza mpaka lini akasema mpaka siku utakayokuwa huna shida meno yakihama. Kikasha sasa kinakaa pembeni ya mswaki. Juzi nilisafiri nikakisahau, siku mbili tu, niliporudi nikaivaa ikabana kidogo chini kushoto, kwenye jino lile lile.